Nyigu Aliyesafishwa Sura

Ukiingia studio ya jirani yangu na chunusi, utatoka huna. Ukiingia na kovu la utotoni, utaliacha mlangoni pamoja na viatu. Hata ukiingia umechoka, macho mekundu, shati limekunjamana, picha utakayotoka nayo ni ya mtu aliyelala vizuri wiki nzima na hana ugomvi na yeyote. Ndiyo maana watu wakamwita Sura Safi. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye cheti huko, halina kazi.

Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Kati ya duka langu na studio yake kuna ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi nasema pole. Kwa hiyo namjua kwa sikio kuliko kwa jicho. Nasikia mlio wa kamera, nasikia kiti chake chenye magurudumu kikivutwa mpaka kwenye kompyuta, halafu nasikia kidole kikibofya, kikibofya, kikibofya. Kule kubofya ndiko kusafisha. Anafuta doa hapa, anaondoa mng'ao wa flashi pale kwenye paji la uso, anapunguza mfuko chini ya jicho. Niliwahi kumuuliza anajuaje aache wapi. Akaniangalia kama nimemuuliza anajuaje kumeza mate.

"Mkono wenyewe unajua, fundi."

Nami nikamwamini, maana mkono wangu pia unakata kitambaa bila kuniuliza.

Ana binti mmoja tu. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anajifunza kusoma, na Sura Safi akabaki baba na mama. Alisuka nywele vibaya, akachoma uji, akajifunza. Yule binti alizaliwa na baka jeusi kwenye shavu la kushoto, linaanzia karibu na sikio na kushuka mpaka usawa wa mdomo. Shuleni watoto wakampa jina Ramani. Watoto ni wakatili, hilo nalisema waziwazi, na wazazi wao walikuwa wanacheka. Siku moja alirudi analia mpaka kwikwi. Baba yake akamkalisha kwenye kigoda cha wateja, akampiga picha, akaisafisha, akaichapa, akampa. "Tazama. Wewe ndiyo huyu." Mtoto akatazama, akanyamaza kulia, akacheka.

Basi, kile kicheko ndicho kilichomponza baba. Tangu siku ile hakuwahi kutoa picha ya mwanawe yenye baka. Za kumaliza shule, za harusi za watu, zote safi. Ile kubwa kabisa, ya binti akiwa amevaa gauni nililolishona mimi, aliitia fremu ya mbao akaitundika ukutani mkabala na mlango, iwe tangazo la kazi yake. Mteja anaingia, anaiona, anasema nataka nitoke kama yule. Mimi mwenyewe nilipoiona mara ya kwanza nilisema, "Hapa umetoa malaika." Hakuna aliyesema neno lingine. Tulizoea, na mtaa mzima ukazoea.

Sasa nyigu. Alianza kuingia kwa dirisha la studio msimu wa mvua, mweusi, kiuno chembamba kama uzi, amebeba kidonge cha udongo mdomoni. Akawa anajenga kwenye pembe ya juu ya fremu ile ile ya binti, pale fremu inapogusana na ukuta. Mteja mmoja, mama mwenye mwili, alimwona akaruka na kigoda kikaruka naye. Sura Safi akachukua ufagio. Bahati binti alikuwepo, amepita kumletea baba yake chakula.

"Baba, acha. Kabla hujamuua, uliza kwanza ni nani."

Akamchukulia simu, akamwingiza kwenye kundi la watu wanaopenda wadudu. Kumbe wapo! Mtu anapiga picha mdudu wa chooni kwake, anatuma, wenzake wanabishana miguu na mabawa, mwisho anaingia Dokta, mwalimu wa chuo, anataja jina na yote yanaisha. Juu kabisa ya kundi kulikuwa na masharti, na moja lilisema: tuma picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Sura Safi alilisoma. Alinisomea hata mimi kupitia ukutani, akasema maana yake watu wasikate picha wala kubandika maua.

"Na kusafisha je?" nikauliza.

"Kusafisha si kubadilisha, fundi. Kusafisha ni adabu."

Alikuwa na kamera nzuri na lenzi ya karibu ambayo alikuwa akiitumia kwa pete za maharusi. Akamsubiri nyigu kama anavyowasubiri watoto wachanga wafungue macho. Akampiga picha anakanda udongo, anaingiza kichwa tunduni, amekumbatia buibui aliyemwinda kwa ajili ya wanawe. Halafu nikasikia kiti kinavutwa na kidole kinaanza. Alikuja dukani kwangu kujisifu: "Mdudu ana ngozi inayong'aa, flashi imempiga usoni, chini ya macho kumekuwa na mng'ao wa njano huku na huku. Nimeutoa wote. Sasa ndiyo ametulia."

Akatuma. Dokta akaandika: "Sura nyeusi tupu? Ninaowajua mimi wa umbo hili wote wana madoa mawili ya njano chini ya macho. Tafadhali hakikisha, hayapo kweli?"

Sura Safi akafungua picha kwenye kompyuta yake, ile aliyoisafisha, akaitazama kwa makini, akajibu: "Hayapo."

Naapa hakudanganya kwa kusudi. Aliangalia, na hayakuwepo. Dokta akaomba picha nyingine, akamtumia nyingine, nazo safi, maana mng'ao ulirudi kila alipopiga na kila uliporudi aliutoa. Kundi likapamba moto. Dokta akasema haamui kitu kwa picha peke yake, lakini huenda huyu ni aina ambayo haijaandikwa popote, na amewaonyesha wenzake chuoni nao wameshangaa. Angependa kuja kumwona kwa macho yake, Jumamosi, kama mwenyeji ataruhusu.

Mwenyeji ataruhusu! Mwenyeji alikuwa hakai. Alisikia mahali kwamba mdudu mpya huweza kupewa jina la aliyemwona kwanza, na kuanzia hapo hata muuza maji aliambiwa habari za Nyigu wa Sura Safi. Akapaka rangi mlango. Akaja kwangu nimshonee shati, kola ngumu, na mimi kwa ujinga wangu nikakesha nalo kama shati la bwana harusi. Binti naye alifurahi kupita kiasi. Alikuwa ameanza kazi karibuni kwenye maabara ya hospitali, akawasimulia wenzake wote kwamba baba yake amegundua nyigu. Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua kazini: kitambulisho. Picha aliyopigwa na baba yake walimrudishia, wakasema haifanani na mwenye kuileta. Baba akampa nyingine, nayo ikarudi. Kila asubuhi anasimamishwa getini, anaandikwa jina, anasubiri mtu wa ndani aje kumtambua kama mgeni.

"Mashine yao mbovu," Sura Safi alimwambia, mimi nasikia. "Waambie wanunue nyingine."

"Nimewaambia, Baba," binti akasema.

Jumamosi ikafika. Dokta alikuwa mama mfupi wa makamo, viatu vya raba, amening'iniza kioo cha kukuzia shingoni kwa kamba. Hakuwa na makuu hata kidogo. Alitusalimia wote, akamsifu binti kwa soda ya baridi, akaomba kupanda juu ya kigoda. Sura Safi akakishika kigoda kwa mikono miwili. Mimi nilisimama mlangoni na tepu yangu ya kupimia shingoni, nimefunga duka, nikisubiri historia.

Nyigu hakutuweka sana. Aliingia na udongo wake, akatua kwenye fremu, akaanza kazi kana kwamba hatupo. Dokta akasogeza kioo jichoni. Akatazama muda mrefu. Nikaona bega lake likishuka polepole, na kabla hajasema nikajua.

"Ana madoa," alisema.

"Unasemaje, Dokta?"

"Madoa mawili ya njano, chini ya macho. Hata bila kioo yanaonekana." Akashuka. "Naomba nione kamera yenyewe, si kompyuta."

Sura Safi akampa. Dokta akatafuta picha, akaikuza kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, akatugeuzia. Yalikuwepo. Madoa mawili ya njano, yamekaa vizuri, yamelingana, safi kabisa. Nilishangaa mtu anawezaje kuyaita mng'ao. Halafu nikakumbuka kwamba aliyaita mng'ao mbele yangu na mimi nikaitikia.

"Nilidhani ni flashi," Sura Safi alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Nikasafisha."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Dokta hakugomba. Laiti angegomba! Alivuta pumzi, akasema ni nyigu wa kawaida wa udongo, hana neno na mtu, na kwamba yale madoa ndiyo anayotambulikia, ukiyafuta umemfuta yeye. Akasema leo hii atawaandikia wenzake kuwa alikosea. Alisema "nilikosea", hakusema "alikosea". Sura Safi alisimama na shati lake jipya, jasho likimtoka kwenye kola yangu ngumu, na mimi nikawa natazama sakafu kwa sababu sikujua niweke macho wapi.

Nadhani Dokta alimwonea huruma. Ndivyo walivyo watu wema, wanaona mtu ameaibika wanatafuta neno la kumpoza. Akainua macho kwenye ile picha kubwa chini ya kiota, akatabasamu.

"Na huyu mrembo je? Kumbe una mabinti wawili?"

Binti alikuwa amesimama hatua chache tu pembeni yake, sinia mkononi, shavu la kushoto limeelekea dirishani. Nyigu alikuwa anasikika akivuma kwenye udongo wake.

"Ni mimi, Dokta," binti alisema mwishowe. "Nimesafishwa."

Alisema kwa kicheko, kumsaidia mgeni. Lakini kile kicheko kilikatikia katikati. Dokta akashika mdomo. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe sana." Akamshika mkono, akaaga, akasahau hata soda yake. Mlangoni alimwambia Sura Safi kiota asikibandue mpaka watoto watoke, na Sura Safi akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Nilipaswa kuondoka nami. Sikuondoka, miguu ilikataa. Binti akakusanya glasi, akaziosha kwenye beseni la nyuma, akazifuta moja moja, akachukua mkoba wake. Hapo ndipo akasema, polepole, bila kupandisha sauti.

"Baba, kazini walinirudishia picha mara mbili."

"Najua, mwanangu."

"Walisema si mimi. Nikasema mashine yenu mbovu. Nilibishana nao, Baba, mbele ya watu, nikawaambia baba yangu ni fundi wa picha, hakosei. Yule wa getini akanyanyua picha akaiweka hapa." Akagusa shavu lake. "Akasema, dada, jitazame. Nikamwona hana adabu."

Sura Safi akafungua mdomo. "Ulikuwa unalia, mwanangu. Siku ile ulikuja unalia…"

"Nilikuwa mtoto. Nililia siku ile, nikanyamaza. Wewe ndiye hujanyamaza mpaka leo."

Kisha akauliza swali moja, na aliuliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi: "Na mimi ulidhani ni flashi?"

Binti akanigeukia, akasema, "Kwaheri, mjomba," akatoka. Sura Safi akakaa kwenye kigoda cha wateja, uso umeelekea pazia la bluu, akiwa ameupa mgongo mlango. Nilimsikia akisema peke yake, "Aibu gani hii. Aibu gani." Nikaenda kwangu, nikakaa nyuma ya cherehani, sikushona kitu.

Aibu ya kundi aliimaliza siku ile ile. Nilisikia akibofya herufi, anafuta, anabofya tena, mwisho akagonga ukuta akanisomea: "Nyigu hana kosa. Madoa yake yapo. Niliyeyafuta ni mimi. Nimewasumbua, naomba radhi." Nikamwambia iko sawa. Akatuma na picha mbichi. Watu wawili watatu wakamtania, mmoja akamwomba amsafishie shemeji yake, Dokta akaandika asante kwa picha nzuri, halafu mtu akatuma mende mwenye pembe na wote wakahamia kwa mende. Kundi halina kinyongo.

Nyumbani hakukupoa hivyo. Binti alipiga simu kila jioni, aliuliza habari za baba, kama amekula, kama goti linauma, kila kitu cha heshima. Lakini chakula sasa alimtuma jirani akilete. Studioni hakukanyaga. Sura Safi akawa anafungua mlango asubuhi, anawapiga watu picha, na kile kiti nikawa nakisikia kinavutwa halafu kimya. Mteja mmoja alirudi kulalamika kwamba chunusi zake zimeonekana. "Ni zako," nikamsikia anamjibu, na yule akaenda ng'ambo.

Ng'ambo ya barabara kuna studio nyingine. Mwenyewe alijifunza kazi kwa Sura Safi, kisha akafungua ya kwake mkabala kabisa, na tangu hapo wakawa wanasalimiana kwa nyusi tu. Asubuhi moja nilikuwa nafungua duka, Sura Safi anafagia kizingiti chake, tukamwona binti anatoka ndani ya studio ile. Alikuwa na bahasha ndogo mkononi, ile ya picha za kitambulisho. Alituona. Akavuka mpaka katikati, akasita, akatupungia mkono, akaenda zake kituoni. Sura Safi akabaki ameshika ufagio.

"Kwa yule," alisema. "Fundi, mwanangu amekwenda kupigwa picha kwa yule."

Nilidhani ana hasira, nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza. Hakuwa na hasira. Macho yalikuwa yamemjaa. Akaegemeza ufagio ukutani, akaniambia, "Twende wote. Peke yangu siwezi."

Tukavuka. Yule jamaa alipotuona aliruka kutoka kitini, akadhani tumekuja kwa shari kwa sababu ya mteja wa chunusi. "Shikamoo, mwalimu," akasema haraka haraka. Sijamsikia akimwita mwalimu kwa miaka.

"Marahaba. Umempiga picha binti yangu."

"Ndiyo, mwalimu. Ya kazini. Mimi nisingependa, nilimwambia baba yako yupo pale, akasema anajua. Halafu kama utaona imetoka vibaya usinilaumu. Nilitaka kumsafisha vile ulivyonifundisha. Alisimama hapa nyuma yangu, akanishika mkono juu ya kipanya, hakuuachia mpaka picha ikachapwa. Akasema, 'Mimi nimeshasafishwa vya kutosha.'"

Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa kosa lake na hana la kukanusha.

"Nichapie moja," alisema. "Kubwa, kama ile iliyo ukutani kwangu."

"Nimguse kidogo, mwalimu? Kidogo tu hapa shav…"

"Usimguse!"

Alifoka mpaka mimi nikaruka. Yule jamaa akachapa kimya kimya. Picha ikatoka polepole, nywele kwanza, paji la uso, macho ya mama yake, halafu shavu na baka lake lote, kutoka sikioni mpaka usawa wa mdomo. Binti alikuwa ameangalia kamera moja kwa moja, hakutabasamu. Sura Safi aliipokea kwa viganja viwili.

Ile fremu hakuweza kuishusha, kwa sababu ya kiota. Akapanda kigoda, mimi nimekishika, akabandika picha mpya juu ya ile ya zamani kwa pini, akiipita pembe ya udongo kwa uangalifu. Nyigu akaja, akamzunguka kichwa, akaona hana shida naye, akaingia tunduni kwake. Sura Safi akashuka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, pale mteja anaposimama akiingia.

"Fundi, mtu asiyemjua akiiona hii, halafu akakutana naye barabarani, atamtambua?"

"Atamtambua."

"Hatauliza kama nina mabinti wawili?"

"Hatauliza."

Akatoa simu, akampigia. Nilisikia mlio upande wa pili, kisha sauti ya binti, nzuri, ya heshima, ikimwuliza kama amekula.

"Nimekula," akasema. "Mwanangu, hapa studioni kuna picha yako. Si mimi niliyeipiga. Nilikuwa naomba uje uitazame, uniambie kama ni wewe."

Sura Safi alisimama mlangoni na simu sikioni, uso umeelekea kituoni, akisubiri jibu.